Ukoo wa Koala wa Strzelecki

Mtu aliyekulia Mafinga hafundishwi harufu ya mkaratusi. Tumeupanda mipakani mwa mashamba, tumeuchoma mkaa, tumeufanya nguzo za umeme, na mafua yalipotubana tulifunikwa blanketi juu ya sufuria ya majani yake, tukajifukiza mpaka kifua kikafunguka. Kwa hiyo nilipoteremka garini kwenye milima ya Strzelecki, kusini-mashariki mwa jimbo la Victoria nchini Australia, harufu ilikuwa ya nyumbani. Miti haikuwa ya nyumbani. Kwetu mkaratusi hupandwa kwa mstari na kuvunwa ungali kijana. Huku umejiotea wenyewe na kuzeeka, na aina iitwayo Eucalyptus regnans hupita mita 80 ikiachiwa muda. Unainua kichwa mpaka shingo inauma na kilele bado hujakiona.

Kwetu uliletwa mti peke yake. Mnyama anayeuishi alibaki kwao, naye ndiye niliyemfuata: koala, mnyama wa kifuko kama kangaruu, ndugu wa karibu wa wombati, ambaye chakula chake ni majani ya mikaratusi na karibu hakuna kingine. Nilikuwa nimesoma kwamba katika milima hii anachunguzwa bila kukamatwa, bila kuchomwa sindano, mara nyingi bila hata kuonekana. Anachunguzwa kwa mavi yake. Nilitaka kuona kazi hiyo inavyofanyika, na zaidi nilitaka kujua kwa nini ifanyike hapa, katika jimbo ambalo koala si haba.

Kutoka Melbourne nilipanda treni ya kuelekea mashariki mpaka Morwell, mwendo wa saa mbili hivi. Bonde la Latrobe ni nchi ya makaa ya mawe: kwa miongo mingi mitambo yake ndiyo iliyowasha taa za Victoria, na mmoja wao, Hazelwood, ulifungwa mwaka 2017 baada ya zaidi ya miaka 50 ya kazi. Pale stesheni walinipokea wenyeji wangu: mtafiti kijana na watu wa kujitolea, akiwamo mwalimu mstaafu ambaye kwa malezi yangu nilimwita Mama tangu tulipopeana mikono, naye akaitika. Tukapita mji mdogo wa Churchill, wenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Federation, kisha barabara ikaanza kupanda na kujipinda.

Milima hii ina jina la Paul Edmund de Strzelecki, msafiri wa Kipolandi aliyepita huku mwaka 1840 akielekea ghuba ya Western Port. Msitu ulikuwa umefunga kiasi kwamba msafara wake uliwaacha farasi, ukajikatia njia kwa mikono siku baada ya siku, chakula kikaisha. Aliyewaokoa ni Charlie Tarra, Mwaborijini aliyekuwa akiwaongoza njia. Aliwawindia koala, wakaishi kwa nyama hiyo mpaka wakatokea ghubani. Bonde la Tarra na hifadhi ya Tarra-Bulga, upande wa mashariki wa milima, vimebeba jina lake, na nafurahi kwamba vimelibeba, maana bila yeye jina la Strzelecki lingeishia vichakani.

Walowezi walianza kuja kwa wingi katika miaka ya 1870. Walikata na kuchoma. Tarehe 1 Februari 1898 moto ulizuka ukateketeza sehemu kubwa ya South Gippsland, na watu wa huku wanaikumbuka siku hiyo kwa jina la Jumanne Nyekundu. Baadaye mashamba mengi ya upande wa mashariki yalitelekezwa: miteremko mikali, matope, sungura, magugu, masoko ya mbali. Eneo likaitwa Milima ya Kuvunja Moyo. Kisha wakaja wapanda miti ya mbao na karatasi, na hao wapo mpaka leo. Ukitazama kutoka barabara ya Grand Ridge, inayotambaa juu ya mgongo wa milima, unaona misonobari, mikaratusi ya kupandwa, malisho ya ng'ombe, na katikati yake, makorongoni tu ambako shoka lilishindwa kufika, vipande vya msitu wa asili. Humo ndimo koala wachache walimopona.

Kupona huko si jambo dogo. Manyoya ya koala ni mazito na hustahimili mvua, na ngozi zake zilikuwa bidhaa ya kusafirishwa ng'ambo, Uingereza na Marekani. Mwaka 1927 serikali ya Queensland, kaskazini, ilifungua msimu wa uwindaji mwezi Agosti. Katika mwezi huo mmoja waliuawa karibu koala 600,000. Kusini wawindaji walikuwa wamekwishamaliza kazi. South Australia ilibaki bila koala. Victoria, kufikia miaka ya 1920, walikuwa wa kutafutwa kwa tochi.

Hapo ndipo kinapoingia kisiwa. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa pwani walikuwa wamechukua koala wachache, wa kuhesabika kwa vidole, wakawavusha kwenda French Island, katika ghuba ileile ya Western Port ambako Strzelecki alitokea akiwa hoi. Kisiwani hawakuwindwa, na klamidia, ugonjwa unaowapofusha koala na kuwafanya wagumba, haukuwapo. Wakazaana mpaka wakaanza kuimaliza miti. Kuanzia mwaka 1923 serikali ikawa inawatoa na kuwapeleka kwingine, kwanza kwenye visiwa vingine, baadaye bara, kila penye msitu uliobaki mtupu. Kazi hiyo iliendelea kwa miongo, ikahamisha maelfu kwa maelfu. Kadirio la mwaka 2020 linasema Victoria ina koala zaidi ya 400,000. Msomaji wa haraka ataona hesabu hiyo na kufunga kitabu.

Asifunge. Karibu wote hao ni uzao wa wale wachache wa kisiwani. Kila mnyama hurithi nusu ya vinasaba vyake kwa mama na nusu kwa baba. Wazazi wakiwa wachache mno, sehemu kubwa ya urithi wa jamii nzima hubaki nje na hufa pamoja na wale ambao hawakuchukuliwa. Uzao unaweza kufikia mamia ya maelfu, lakini urithi hauongezeki kwa kuzaana. Tena kilichokuwa kasoro ya nadra kwa wazee wachache huwa kasoro ya kawaida kwa wajukuu. Kangaroo Island, ambako koala 18 waliotoka French Island waliachiwa katika miaka ya 1920, baadhi ya madume huzaliwa bila korodani moja au zote mbili. Na ugonjwa mpya ukiingia katika jamii ambayo wote wamefanana damu, hakuna wa kujitenga akapona kwa sababu amezaliwa tofauti.

South Gippsland peke yake, na hasa milima ya Strzelecki, ndiko walikobaki koala wa Victoria ambao ukoo wao haukupitia kisiwani. Tafiti za miaka ya 1990 zilikwisha kuashiria hivyo. Shida ilikuwa kuwafikia. Kumkamata koala ni kazi ya kumtia hofu mnyama na kumtia mtu hatarini: mtu hunyanyua mlingoti mrefu wenye kitambaa, anakitikisa juu ya kichwa cha koala ili ateremke, wenzake wanamngoja chini na gunia. Katika miti ya malisho ya mjini hilo linawezekana. Katika korongo lenye ukungu, mti wa mita 50, mteremko wa kukufanya utembee kwa kushika mizizi, huyo koala kwanza humwoni.

Mavi yake unayaona, ukifundishwa.

Tuliingia msituni katika Hifadhi ya Taifa ya Morwell, bonde liitwalo Fosters Gully, mwezi wa Machi, kiangazi kikiwa kinaelekea ukingoni na ardhi imekauka. Mikangaga mirefu kuliko mtu ilikuwa imeziba kijito. Juu yake ilisimama mikaratusi yenye magome yaliyochanika na kuning'inia vipande virefu. Mama alinionyesha pa kuanzia: mguu wa mti, duara la mita moja kuzunguka shina. Kuna utaratibu unaotumika sana Australia wa kukagua hivyo miti 30 iliyo karibu karibu na kuandika ni mingapi imekutwa na kinyesi. Unakupa picha ya wapi koala wanakaa na wapi wanapita tu. Sisi tulitaka zaidi ya hapo, tulitaka kinyesi kibichi, kwa hiyo tulikwenda taratibu, tumepiga magoti, tunafunua majani makavu moja moja.

Nilipita juu ya vitu vingi ambavyo wenzangu walivirudia. Mwishowe kimoja nikakiona mwenyewe, kimekaa juu ya kipande cha gome: kirefu kidogo, kimechongoka kote kuwili, chenye mistari ya kwenda na urefu wake, ukubwa na umbo la kokwa ya tende. Kilikuwa cha kijani cha kukoza na uso wake unang'aa. Mtafiti alinambia nikisogelee bila kukigusa. Harufu yake ilikuwa ile ya sufuria ya kujifukiza, imechanganyika na ya majani yaliyovundikwa. Kando yake kilikuwapo kingine cha kijivu, kimefifia, kinavunjika ukikipulizia. Hicho ni cha majuma yaliyopita, hakina faida. Kulikuwa na cha tatu, chenye ukubwa uleule lakini kimepindapinda na hakina mistari. Hicho ni cha posamu, mnyama mwingine wa kifuko wa humuhumu. Mama alivitofautisha kwa jicho moja. Kufika maabara na bahasha ya mavi ya posamu ni kupoteza fedha na siku za watu, na mashine haiwezi kukuokotea kinyesi sahihi. Ujuzi wa kwanza katika kazi hii ni wa kutazama chini.

Kile kibichi kilichukuliwa kwa kijiti cha meno, kikaingizwa peke yake katika bahasha ya karatasi. Karatasi, kwa sababu plastiki hufungia unyevu, na unyevu huleta kuvu na bakteria wanaokula kile tunachokitafuta. Peke yake, kwa sababu mti mmoja huweza kupandwa na koala wawili usiku mmoja, na vinyesi vyao vikichanganywa utapata mnyama ambaye hayupo duniani. Juu ya bahasha Mama aliandika tarehe, majira ya nukta, aina ya mti. Mwandiko wa mwalimu, herufi zimesimama wima.

Nilikaa na bahasha hiyo mkononi kwa muda kuliko ilivyohitajika. Koala mwenyewe alikuwa huko juu, au alikuwa korongo la pili. Hatukumwona siku ile na hakuna aliyejali. Tulikuwa na kitu chake ambacho kingesema habari zake kuliko macho yetu.

Tanzania tunalijua neno vinasaba kupitia Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwenye kesi za mauaji na za nani baba wa mtoto. Pale sampuli ni damu au mate. Kinyesi ni sampuli ngumu zaidi. Sehemu yake kubwa kabisa ni makapi ya majani na bakteria. Ila kinapopita kwenye utumbo hujipaka ute wa ukuta wake, na katika ute huo zimo chembe hai za mnyama mwenyewe zilizobanduka. Ndiyo sababu ya ule mng'ao. Maabara, kinachohitajika ni tabaka la nje tu. Ndani hakuna la kutafuta. Chembe hupasuliwa kwa kemikali, vinasaba huoshwa, na hapo mkaratusi unaleta shida yake: kemikali za majani, zilezile zinazowashinda wanyama wengine kuyala, huvuruga mashine ya PCR inayozidisha nakala. Inabidi zisafishwe vizuri.

Vinasaba vinavyopatikana ni vichache na vimekatikakatika kwa jua na mvua. Kwa hiyo hawasomi vyote. Wanachagua sehemu kadhaa ambazo herufi zake hujirudiarudia, na idadi ya marudio hutofautiana kati ya mnyama na mnyama. Kila koala ana nakala mbili za kila sehemu, ya baba na ya mama. Ukisoma sehemu za kutosha unapata namba ya mnyama mmoja isiyofanana na ya mwingine, hata ndugu yake wa tumbo moja. Hatari iko hapa: sampuli ikiwa dhaifu, mashine huweza kuikosa nakala moja na kukuonyesha nyingine tu, ukadhani mnyama amerithi sawa kotekote. Kosa hilo likijirudia utahesabu koala mmoja mara mbili, au utasema kundi limefanana damu kumbe halikufanana. Dawa yake ni kurudia kipimo kilekile mara kadhaa kabla ya kuamini. Mwaka 2013 Faye Wedrowicz, Fiona Hogan na wenzao, waliokuwa wakifanya kazi hapa hapa Gippsland, walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba punje moja tu ya kinyesi cha koala inatosha kutoa utambulisho wa kuaminika. Punje moja, bahasha moja, mnyama mmoja. Kila kilichofuata kilisimama juu ya hilo.

Ukishaweza kumtambua mmoja mmoja, unaweza kuhesabu. Unapita msituni leo unaokota, unarudi baadaye unaokota tena, kisha unatazama ni wangapi wa mara ya kwanza wameonekana tena katika mara ya pili. Wakionekana tena wengi, kundi ni dogo na karibu umelimaliza. Wakiwa wengi ni wageni, kundi ni kubwa kuliko ulivyowapata. Kipimo kingine kinatafuta kinasaba cha dume, basi unajua jinsia. Unajua nani alihama korongo gani kwenda lipi, na wapi barabara au shamba limewakatia njia. Mwaka 2016 watafiti haohao wakaonyesha kwamba bahasha ileile hutoa pia vinasaba vya klamidia na vya virusi vya koala vinavyojipachika ndani ya urithi wa mnyama. Kwa hiyo mtu aliyetembea na kijiti cha meno msituni amefanya, bila kumgusa mnyama, kazi ya karani wa sensa na ya daktari wa mifugo.

Nikiwa nao nilijifunza jambo ambalo sikuwa nimelitafuta, nalo linahusu mavi pia. Mtoto wa koala huzaliwa baada ya siku 35 hivi, uzito wake haufiki gramu moja. Hujivuta mwenyewe hadi kifukoni na hukaa humo karibu miezi sita. Anapoanza kuchungulia nje, mama humtolea kinyesi laini cha pekee, tofauti na hizi punje ngumu, naye hukilamba. Bila hicho hawezi kuyala majani. Utumbo mpofu wa koala, wenye urefu wa hadi mita 2, ni mtambo wa bakteria wa kusaga majani yenye sumu, na bakteria hao lazima watoke kwa mama. Mama koala humrithisha mwanawe mara mbili, mara ya kwanza kwa damu na mara ya pili kwa njia hii. Kumpeleka koala mahali ambapo mikaratusi yake si ile aliyorithishwa ni kumpeleka kwenye njaa, na wapangaji wa kuhamisha wanyama wangefaa kulikumbuka hilo kila mara wanapoagiza magari.

Majibu ya kinyesi cha South Gippsland yalichapishwa mwaka 2018. Koala wa huku wana utofauti wa vinasaba mkubwa kuliko makundi mengine ya Victoria yaliyolinganishwa nao, na wamejitenga nayo kwa urithi. Kwa maneno ya kawaida, ukoo wa zamani haujafa. Uko makorongoni, katikati ya mashamba ya mbao.

Sasa tazama sheria. Februari 2022 serikali ya Australia iliwaorodhesha koala wa Queensland, New South Wales na eneo la mji mkuu kuwa katika hatari ya kutoweka. Victoria haikuwekwa, kwa sababu jimbo hilo lina koala wengi, na ni kweli wapo. Kule Cape Otway walijaa mpaka wakaikausha miti na kufa njaa, na karibu 700 waliuawa na maafisa wa jimbo mwaka 2013 na 2014 ili kuwaondolea mateso. Koala wa Otway na koala wa Strzelecki wamewekwa katika kapu moja la hesabu, wingi wa mmoja ukawa hoja ya kutomlinda mwingine. Naona hili ni kosa kubwa. Sheria imehesabu vichwa, na kinyesi kimeonyesha kwamba vichwa hivyo si vya ukoo mmoja. Ukifyeka makorongo ya Strzelecki hupunguzi koala wa Victoria kwa asilimia ya kutisha. Unafuta karibu kila kilichobaki cha koala wa Victoria wa kabla ya wawindaji. Ushahidi upo, umechapishwa, na kuukusanya kulihitaji bahasha za karatasi, maabara na watu walio tayari kupiga magoti.

Mama aliniuliza kama kwetu kuna kazi ya namna hii. Nikamweleza habari ya tembo. Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na wenzake walikusanya kinyesi cha tembo kutoka pande nyingi za Afrika, wakachora ramani ya vinasaba, kisha wakalinganisha nayo pembe zilizokamatwa bandarini. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2015 yalielekeza kidole kusini-mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, Selous na Niassa, kuwa chanzo kikuu cha pembe za tembo wa nyika. Mwaka huohuo hesabu ya serikali yetu ilionyesha kwamba tembo wa Tanzania walikuwa wameshuka kutoka karibu 109,000 mwaka 2009 hadi karibu 43,000 mwaka 2014. Sensa ilisema wamepungua. Kinyesi kilisema wanatolewa wapi, na palipo na jina la mahali ndipo askari hupelekwa. Mama aliandika jina la Selous pembeni mwa daftari lake, akaniomba nirudie tahajia.

Tulipanda hadi sehemu iliyoungua mwaka 2009. Februari ya mwaka ule, ile Jumamosi ambayo moto uliua watu 173 katika Victoria, moto mmojawapo uliwashwa karibu na Churchill na ukaingia milimani humu. Miti ya Eucalyptus regnans ikiungua sana hufa, na huota upya kwa mbegu tu. Kwa hiyo tulikuwa tunatembea ndani ya msitu mchanga, miche iliyobanana, mashina makubwa meupe yaliyokufa yamesimama juu yake. Kinyesi kilikuwapo, si kingi, chini ya aina nyingine za mikaratusi zinazoweza kuchipua tena kutoka kwenye magome yaliyoungua. Mtafiti alikagua kila mti mara mbili. Baada ya moto, swali la kwanza si wangapi wamerudi. Ni wa ukoo gani waliorudi, maana nafasi ikibaki tupu hujazwa na yeyote aliye jirani, na majirani wengine wa milima hii ni uzao wa koala wa kisiwani walioletwa kwa malori. Wakichanganyika, je, ukoo wa Strzelecki unaongezewa nguvu au unamezwa? Wenyeji wangu hawakubaliani wao kwa wao, na walibishana juu yake njia nzima, kwa heshima, huku macho yao yakibaki chini.

Jioni ramani ilitandazwa juu ya boneti ya gari. Upande wa pili wa barabara ya Grand Ridge kuna shamba la mikaratusi ya kupandwa lililokomaa, na koala wameonekana humo. Kati yake na msitu wa Fosters Gully kuna malisho, na kijito kilichobakiziwa ukanda mwembamba wa miti. Kibali cha kuingia shambani kilikuwa kimetoka, mvua ilikuwa imetabiriwa mwishoni mwa juma, na kinyesi kilicholowa hakina kazi. Mama alihesabu bahasha, akaona hazitoshi, akasema atapitia dukani Churchill asubuhi. Kitakachosomwa ndani ya bahasha hizo ni kama koala wa shambani na wa korongoni ni ukoo mmoja unaoutumia ule ukanda kupita, au ni makundi mawili yaliyokwisha kutenganishwa. Na kutokana na hilo itaamuliwa kama miti ya kando ya kijito inatosha, au ipandwe zaidi kabla misumeno haijafika shambani.